Kilima Nilichojenga Juu ya Nyumba Yako

Mji wa Kale, Alhamisi, baada ya alasiri

Salma mwanangu,

Barua huanza kwa kumwuliza mtu hali yake. Wewe nimekuona asubuhi ukila mahamri manne kwa mbaazi, kwa hivyo hali yako naijua. Sasa umetoka kwenda kuwaaga shangazi zako Kibokoni, na umesema utarudi baada ya isha. Nimetandika mkeka chumba cha mbele, nimesukuma masinia mawili pembeni nipate pahali pa kuweka karatasi, na naandika wakati mwanga ungalipo. Ukirudi nyumba itajaa watu na masanduku, na mimi watu wakinizunguka huzungumza habari za masanduku tu.

Sitakwambia uvae nini Maskati, wala ule nini, wala usitoke na nani. Bibi yako amekwambia hayo mara tatu na wewe umeitikia mara tatu. Mimi nina jambo moja. Kuna uongo niliokwambia ulipokuwa na miaka kumi, na kwa miaka minane wewe hujaugusia wala mimi sijaugusia. Kesho unakwenda kukaa kwa babako. Naogopa kwamba ukiondoka na uongo huo hutarudi kwangu, na naogopa pia kwamba nikikwambia ukweli hutarudi vilevile. Nimezipima hofu hizo mbili juma zima, na nimeamua nikwambie.

Huenda hukumbuki jinsi kazi ya askari ilivyoingia nyumbani kwetu. Babako alikuwa ameshaniacha mwaka mzima, wewe una miaka sita, na mimi nilikuwa mtia piko tu, mmoja katika wale wa mtaa wanaochora maharusi maua mikononi. Siku moja nilikuwa Kizingo kupamba wanawake wa nyumba ya arusi, na jirani yao, mzee mmoja Mgoa, akaomba kuniona. Wote wakadhani ana binti wa kuolewa. Kumbe Mzee Almeida alikuwa amepelekewa sahani ya pilau, na badala ya kutazama pilau akatazama mkono uliomletea. Alitaka kujua ni nani anayeweza kuchora jani lenye mishipa yake yote juu ya ukucha.

Alikuwa mpima ardhi mstaafu na mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Akanifungulia kabati. Ndani mlikuwa na askari wa bati, mamia, kila mmoja urefu wa pingili ya kidole, hawana rangi hata mmoja. Akanieleza kwamba kila Jumamosi yeye na rafiki zake wawili huwapanga juu ya meza kubwa yenye vilima na mito ya kutengeneza, wakapigana vita vya kale vya Wazungu kwa dadu na futikamba. Nikamwuliza nani hushinda. Akasema ni yule aliyesoma sheria vizuri. Nikaona kumbe huyu ni mtu mzima anayecheza, na kwa kuwa yeye hakuona haya, mimi nikaona haya kwa niaba yake. Lakini nilichukua sinia moja la askari wake nikawapake rangi nyumbani.

Bibi yako ndiye aliyenitatiza. Kwake askari ni sanamu, na sanamu haikai nyumba moja na msahafu. Nikamwekea mmoja kiganjani. Akamgeuza, akamsogeza karibu na dirisha, akafikiri, kisha akasema, "Usiwatie mato. Asokuwa na mato si mtu, ni kigae tu." Basi hiyo ikawa sheria ya nyumba yetu. Nilitia vifungo, nilitia mikanda, nilitia hata uzi wa dhahabu begani kwa njiti ya chelewa, lakini chini ya kofia niliacha ngozi tupu bila macho. Mzee Almeida alikubali. Alisema kwa umbali wa pale mezani hakuna atakayejua.

Kutoka kwenye askari nikaingia kwenye ardhi yao: vilima, kuta, mashamba, mito mikavu. Hapo ndipo ulipoingia wewe, na nikwambie ukweli, sijawahi kuwa na furaha kama ile. Ulikuwa ukienda kwa muuza kahawa wa kona kuniombea mashapo, tukayaanika juani darini yakawa udongo. Dodoki tulilikatakata likawa vichaka. Makumbi ya nazi yakawa nyasi kavu. Zile sponji nyeupe za kufungia redio, alizokuwa akituletea mjomba wako kutoka Shimanzi, tulizichonga kwa kisu cha moto zikawa majabali, na nyumba ikanuka siku mbili.

Unakumbuka theluji? Daktari wa meno wa Ganjoni, mmoja wa wale rafiki wawili, alitaka kijiji kizima cha theluji, na hakuna kati yetu aliyewahi kuiona. Aliniambia ni nyeupe na lazima ing'ae, basi mimi nikachanganya unga wa ngano na sukari, nikamwagia gundi. Siku ya tatu sisimizi walikuwa wamebeba nusu ya kijiji. Wewe ulikaa sakafuni ukawatazama asubuhi nzima, ukaniambia hili ndilo jeshi lililoshinda. Daktari alipokuja ulimweleza vivyo hivyo, uso mkavu, naye akakubali kushindwa. Nilicheka mpaka nikaegemea mlango.

Kosa langu lilianzia katika jambo nililokuwa nikijisifia. Rangi lazima ikauke, na plasta lazima ikauke, na mimi siwezi kukaa nikitazama kitu kikikauka. Kwa hivyo sinia moja likawa mawili, mawili yakawa matano. Makoti mekundu ya Mzee Almeida yakikauka, nageukia ukuta wa daktari. Ukuta ukikauka, nageukia farasi. Farasi wakikauka, bibi arusi amekwishafika na mikono yake. Masinia yalikaa juu ya friji, chini ya kitanda, juu ya cherehani, hata kwenye dirisha la bafu. Wageni wakija walikuwa wakisimama, kwa sababu kila kiti kilikuwa na farasi. Nilikuwa nikisema mkono wangu haulali, na nilikuwa nikisema kwa sauti, nikitaka shangazi zako wasikie wapeleke habari Maskati, kwamba mwanamke aliyeachwa hakukaa akalia.

Na nilikuwa nikilia, Salma. Nililia kidogo kidogo, kati ya sinia moja na jingine. Nimekuja kugundua baadaye kwamba nilikuwa naogopa kumaliza. Kitu kikikaribia mwisho nilianzisha kingine haraka, maana kikiisha unabaki umekaa na mikono yako mitupu na mawazo yako. Zamani ungeniuliza kwa nini nina kazi sita kwa wakati mmoja, ningekujibu kwamba watu wananihitaji. Leo nakwambia nilijificha humo. Kazi ilikuwa ya halali na nzuri, kila mtu aliisifu, na ndiyo maana hakuna aliyeona kwamba nimejificha. Wewe uliona, lakini ulikuwa mtoto.

Ulikuwa darasa la nne ulipoanza sinia lako mwenyewe. Ulilificha chini ya ngazi. Lilipokaribia kuwa tayari ulianza kuniita nije kulitazama. "Mama, ndoo uone," ulikuwa ukisema mlangoni, na mimi bila kuinua kichwa nasema ngoja hii ikauke. Kesho yake tena, ngoja hii ikauke. Uliniita kwa siku nyingi, sijui ngapi. Mwisho ukaacha, na mimi, Mungu anisamehe, nikaona umekuwa mtoto mtulivu, nikamwambia bibi yako hivyo.

Juma lile kulikuwa na arusi nne, maana ilikuwa mwisho wa Shaaban na watu hukimbilia kuoana kabla ya Ramadhani. Mzee Almeida alikuwa na wageni wanakuja kucheza, na alitaka kilima kikubwa cha kukaa katikati ya meza Jumamosi bila kukosa. Nilikuwa na masinia sita yanayongoja na sikuwa na ubao hata mmoja wa kujengea. Ijumaa asubuhi, wewe ukiwa shule, nikainama chini ya ngazi kutafuta ubao. Nikakuta leso imefunika kitu, nikaivuta.

Siku chache baadaye nilikwambia, bila wewe kuniuliza tena, kwamba nilidhani ni takataka. Nilipoona hukuamini, nikakwambia watu wake walikuwa na macho, na nyumba yetu haiweki watu wenye macho. Yote mawili ni uongo. Huo wa pili ni mbaya zaidi, kwa sababu niliitia dini mahali ambapo hapakuwa na dini hata kidogo.

Ukweli ni huu. Nilichuchumaa pale nikalitazama kwa muda mrefu. Ulijengea juu ya ubao wa sanduku la majani ya chai, herufi nyeusi za sanduku zikionekana ukingoni. Ulikuwa umejenga mtaa wetu. Nyumba za viberiti, milango umeitia maua kwa piko uliloniibia, kamba ya nguo na kanga zake za karatasi, mpaka ule mfereji unaovuja kando ya msikiti. Watu uliwatengeneza kwa askari waliovunjika. Uliwakata bunduki, ukawavika kanzu za karatasi ya sigara na mabuibui ya kitambaa cha mwavuli. Na wote uliwatia macho. Yalikuwa madogo hata mimi, pamoja na miaka yangu yote ya kutia piko, nisingeweza kuyatia. Bibi yako alikuwa na macho, na mdomo wa kusema jambo. Muuza kahawa alikuwa nayo. Wewe ulikuwa nayo, umesimama katikati ya njia. Babako alikuwa ameketi barazani kwetu, mguu juu ya mguu, anacheka.

Mimi ulikuwa umeniweka ghorofani, dirishani. Nilijitafuta mpaka nikajijua kwa ile leso ya kijani. Ulikuwa umeniweka nimegeuka. Nimeinama juu ya kitu na nimewapa nyinyi nyote mgongo. Nikaingiza kidole nikamgeuza yule mwanamke ili nione ulivyonifanya uso, na upande ule hukuwa umetia chochote. Hukuona haja, kwa sababu uso wangu hukuwa ukiuona.

Hasira iliyonipanda sijawahi kuipata tena, wala siku ya talaka sikuipata. Mtu aliyeondoka ukiwa na miaka mitano, anayeleta kaseti moja kwa mwaka yenye sauti yake na kelele za feni, huyo ana uso na anacheka. Mimi niliyebaki, ninayekuosha na kukulisha, mimi nina mgongo. Sikufikiri zaidi ya hapo. Nikaubeba ubao darini, nikakunja magazeti nikayarundika juu ya nyumba zako, nikatandaza matambara yaliyolowa plasta, nikasawazisha kwa kiganja. Sikuwatoa wale watu. Nilikuwa na nafasi ya kuwatoa, nataka ulijue hilo. Niliwaacha wote ndani, na wewe ndani, na mimi mwenyewe ndani. Jua la adhuhuri lilikikausha upesi. Jioni nikakipaka gundi, nikakimwagia mashapo ya kahawa uliyoniletea wewe.

Jumamosi tulikipeleka pamoja Kizingo kwa teksi, kimelala juu ya mapaja yetu, kimefunikwa shuka. Mzee Almeida alipokifunua wageni wake walikisifu, wakaanza kukipanda na askari wao. Wewe ulisimama upande wa ule ukingo wenye herufi. Niliona ulipozisoma. Mzee alikuwa mtu wa adabu, akakupa dadu urushe kwa niaba ya jeshi lake. Ukarusha, ikatoka sita, wakakupigia makofi, nawe ukasema ahsante.

Tulirudi kwa miguu mpaka tukaingia Ndia Kuu. Hapo ukaniuliza, "Mama, kile kilima umekijenga juu ya nini?"

"Juu ya ubao," nikasema.

"Ubao upi?"

"Ubao tu, Salma. Mbao zote zafanana."

Ukasema haya. Hukulia. Laiti ungelilia, maana mtoto akilia mama hulazimika kufanya jambo. Jioni ile uliosha brashi yangu ndogo na njiti zangu, ukazipanga juu ya friji, na tangu hapo hukushika tena rangi nyumbani. Masomo yako ukayafanyia kwa jirani. Ukanisalimia kila asubuhi na kunishika mkono kama mtoto mwenye adabu, na watu wakanipongeza kwa malezi.

Nilipata nafasi ya kurekebisha na niliikataa. Baada ya Ramadhani nilimweleza Mzee Almeida. Akaweka kikombe chake chini akaniambia, "Bi Zuhura, tukipasue leo hii. Vilima ninavyo vingi." Nikamwambia kimeshakauka, nikamwambia ana mchezo Jumamosi. Lakini sababu ilikuwa moja tu. Tungekipasua, ningelazimika kukuletea wale watu mkononi na kukutazama usoni, na mimi sikuweza. Hakunishurutisha. Baada ya siku hiyo hakukiweka tena juu ya meza, na mimi nilipokwenda kuchukua kazi nilijifanya sioni kimekaa pembeni.

Miezi miwili iliyopita uliposimama mbele ya bibi yako na shangazi zako ukasema unataka kwenda kukaa kwa babako, mimi nilikuwa na brashi mkononi. Nikakuuliza umekosa nini hapa. Ulinijibu kwa upole, na upole huo ndio ulioniua. Ulisema, "Mama, humu ndani kila kitu kina zamu yake. Mimi nimeingoja yangu hata nimekuwa mtu mzima." Shangazi yako mkubwa akatazama sakafu. Nami nikasema neno la kijinga, kwamba rangi inamwagika, nikaondoka chumbani.

Kesho yake nilikwenda Shimanzi. Ulidhani nimefuata plasta. Mzee Almeida alipohamia Kanada kwa binti yake, vitu vyake vilipelekwa bohari moja huko, na hilo nililijua. Nikapita katikati ya malori mpaka buibui likawa na rangi ya vumbi, nikamwuliza mlinzi kama amekiona kilima. Akaniambia, "Mama, hapa ni Shimanzi." Nikamweleza kwamba ni kilima cha kubeba, cha rangi ya kahawa, kina nyumba ndani. Akamwita mwenziwe aje asikie. Hawakuwa watu wabaya. Walinipa kiti na maji, wakakumbuka kwamba palikuwa na meza na mabonge ya plasta yaliyonyeshewa na mvua za masika, yakaoza, yakazolewa na gari la taka. Nikauliza gari lilikwenda wapi, wakatazamana. Nikalia pale kwenye kiti chao, mchana, mbele ya wanaume wasionijua. Mmoja akanisindikiza mpaka barabarani akanisimamishia gari.

Kwa hivyo sina cha kukurudishia. Nilinunua viberiti, nikakaa siku mbili nikijaribu kuujenga ule mtaa upya, na nikaona kwamba nimeanzisha sinia la saba. Nikaviweka jikoni, tunawashia jiko. Utakuwa umeshangaa vilitoka wapi viberiti vyote vile.

Habari za babako nataka nikwambie jambo moja tu. Uso uliomtia ulikuwa sawasawa. Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa mcheshi, na nikakumbuka palepale chini ya ngazi, na hilo nalo lilinichoma. Niliyokusimulia juu yake mengi ni kweli, lakini niliyasimulia nikiwa na machungu, kwa hivyo yapunguze kidogo kabla hujayatumia. Mpende wazi wazi. Usije ukaficha furaha yako katika simu ukidhani utaniumiza. Nitaumia, sikatai, lakini ni maumivu yangu na nitajua pa kuyaweka.

Tena, huko nako ana mke na watoto watatu na duka. Huenda ukafika ukakuta zamu iko vilevile. Ikiwa hivyo, mamangu, usinyamaze kwa adabu. Mimi ulinyamazia, na kimya chako nilikitumia vizuri sana, nikafanya kazi nyingi ndani yake. Ungelichukua sinia moja tu la wale askari ukalitupa dirishani, ningekupiga, kisha ningekusikia. Sisemi kosa lilikuwa lako. Nasema wewe una haki ya kumsumbua mtu unayempenda, na hakuna aliyekufunza hilo, maana mimi nilikufunza kinyume chake kila siku.

Na ujitazame wewe pia. Una mkono wangu, hilo hata wakikupeleka wapi litakufuata. Nimekuona mwaka huu ukisoma vitabu vitatu kwa pamoja, kila kimoja umekiacha katikati, ukishona dera ambalo halina mikono mpaka leo, na ukimwambia rafiki yako kupitia mlangoni kwamba utakwenda kwake ukipata nafasi. Nilisimama jikoni nikakusikia, na nilisikia sauti yangu. Sijui dawa yake. Kama ningekuwa nayo ningekuwa nimeinywa. Ninachojua ni kwamba siku ukijiona huwezi kuweka chini kazi yako watu wakikuita, jiulize unamkimbia nani, na ujijibu kweli hata kama ni aibu.

Barua ya namna hii watu huitia ndani ya sanduku, ikafunguliwe mbali. Nami nilifikiri hivyo. Nilikuwa nimeshachagua pahali, katikati ya kanga mbili alizokupa bibi yako. Ungeisoma Maskati, ungelia au usingelia, mimi nisingeona, na kesho ungeniaga vizuri mbele za watu. Kisha nikaona kwamba ningekuwa nimeiba kuaga huko. Ungenikumbatia wewe usiyejua, na mimi ninayejua ningekumbatiwa kwa uongo ule ule wa Ndia Kuu. Sitaki kuagwa hivyo. Afadhali nikose kuagwa.

Kwa hivyo ukirudi nitakupa barua hii mkononi kabla hujavua buibui, na wageni nitawakalisha barazani, wangoje wao. Uisome chumbani kwako. Huna haja ya kunijibu. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie kwa sauti, hata bibi yako asikie, nitamweleza mwenyewe. Ukitaka kwenda kulala kwa shangazi yako usiku huu, nitakubebea mto mpaka kwake.

Gari linakuja saa nne asubuhi. Mimi nitakuwa nimeshavaa, nimekaa juu ya ngazi. Ukiniita, nitashuka, twende sote mpaka uwanja wa ndege. Usiponiita, nitakaa hapo hapo mpaka nisikie gari limetoka mtaani, na wallahi sitakulaumu.

Mamako,
Zuhura